Dada Sechelela, Karatasi Ile Niliiandika Mimi

Dada yangu Sechelela,

Shikamoo. Barua zote nilizokutumia kwa mikono ya watu zimerudi zikiwa zimefunguliwa, na simu yako haijaita tangu ulipoikabidhi kwa hao unaoishi nao. Ndiyo maana leo nakuandikia gazetini, mbele ya kila mtu. Huenda karatasi hii ikafungiwa chumvi katika duka mojawapo la Chemba, ikafika huko shambani ikiwa imekunjwa, nawe ukaisoma kabla hawajaiwashia moto. Na kama si wewe, basi aisome mmoja wa wenzako aliyetia saini hati kama yako. Nina neno kwake pia.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa. Kazi ya masjala inanifaa kwa sababu hiyo: barua inaingia, naipa namba, naitia kwenye jalada lake, na kesho nikiitafuta naikuta. Kwa hiyo niache nianze mwanzo, kwa utaratibu, hata kama mwanzo wenyewe unaniaibisha.

Nakumbuka siku ulipoanguka bombani, kule nyumbani Mpwapwa. Nilikuwa na miaka tisa, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kujifunza cherehani. Ndoo yako ilikuwa ya tatu kwenye foleni. Mwili ulipoanza kukukakamaa, wanawake wote walirudi nyuma kwa pamoja, kama waliosukumwa. "Msimguse! Mate yake yasiwapate!" Na mimi nikakimbia. Nilijificha nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga, nikawa nachungulia. Baba alikuja akitembea, wala hakukimbia. Alikulaza ubavu, akavua koti akaliweka chini ya kichwa chako, akasubiri mpaka ukatulia, halafu akakufuta mdomo kwa upindo wa shati lake. Ulipozinduka uliuliza ndoo yako iko wapi. Walikuwa wameisogeza mwisho kabisa. Baba akaibeba kuirudisha.

"Alikuwa wa tatu," aliwaambia.

"Mzee, sisi tulidhani..."

"Mlidhani amekufa? Basi amefufuka, na bado ni wa tatu."

Hata wewe ulicheka, vumbi likiwa bado shavuni. Jioni ulinisuka nywele kama kawaida. Hukuniuliza nilikuwa wapi. Mpaka leo hujaniuliza.

Baada ya hapo kifafa chako kilikuwa kazi ya baba. Yeye ndiye aliyekwenda kliniki kila mwezi kuchukua vidonge, akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila ulipomeza. Unakumbuka alivyokuwa akikusumbua?

"Seche, umemeza?"

"Nimemeza, baba."

"Fungua mdomo nione."

"Baba! Nina miaka ishirini na saba mimi!"

"Kifafa chako hakijui kuhesabu."

Sisi wengine tulikuwa tukicheka tu. Tulidhani vidonge ndivyo vilivyokuwa vinakulinda. Kumbe nusu ya dawa ilikuwa ni yule mzee kukuuliza.

Alipofariki, nyumba ilijaa. Watu walilala kwenye mikeka mpaka uani, wanawake wakapokezana kusonga ugali. Siku ya nne wazee wakakaa, wakasema machache, tanga likaanuliwa. Wenye vyungu wakachukua vyungu vyao. Ruhusa yangu ya msiba nayo ilikuwa siku nne, nami nikaona hilo limekaa vizuri sana: msiba umekwisha siku ileile niliyotakiwa kurudi kazini. Nikapanda basi la Dodoma. Nilikuacha wewe na mama, na kalenda ukutani ambayo hakuna aliyeigusa tena.

Ndani ya miezi miwili ulianguka barazani, juu ya cherehani, kitambaa cha mteja kikiwa mkononi. Fundi mwenzako alihamishia mashine yake upande wa pili wa duka. Wale wa harusi walikuja kuchukua vitenge vyao vikiwa havijashonwa. Ulinipigia simu. Nilisema pole, nikasema nitakuja mwisho wa mwezi. Sikuja. Sina sababu ya kuandika hapa. Nilikuwa nimepanga vyumba vipya Area D, nikawa nanunua mapazia.

Ndipo walipokuja wale wanawake wawili. Ulinisimulia mara nyingi kiasi kwamba nawaona, ingawa siku ile sikuwepo. Walibisha hodi saa nne asubuhi, wakasalimu kwa kilugha, "Mbukwenyi," kama majirani wa siku zote, mmoja ana mzigo wa kuni, mwingine ana unga wa uwele. Wakasema wamesikia mna msiba.

"Msiba ulishapita, mama. Tanga limeanuliwa," uliwaambia.

Yule mkubwa akakutazama. "Limeanuliwa na nani? Wewe mbona bado unalo?"

Akautandika mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaketi. Uliponisimulia kwenye simu sauti yako ililowa, na mimi nikakujibu, "Hao ndio watu, dada." Nilifurahi. Nilijisikia nimepunguziwa mzigo, na hilo ndilo nataka ulijue.

Siku hizi watu wananiuliza mtu mwenye akili zako alidanganywaje. Nawaambia hakudanganywa siku ya kwanza, wala ya pili. Walikuja kila Alhamisi kwa miezi mitatu. Walifagia, walipepeta, walikusikiliza ukimlilia baba, na hawakutaja shamba lao wala yule mama kiongozi wao wanayemwita Mlezi hata mara moja. Sisi tulisimama tukaondoka kwa sababu desturi ilituruhusu. Wao wakaketi. Ungekuwa mimi, ungeenda na nani?

Halafu ukaenda kuwatembelea. Siku hiyohiyo ya kwanza ulianguka, katikati ya wimbo, mbele ya watu usiowajua. Ulizinduka ukingoja kuona migongo yao. Badala yake ulimkuta Mlezi mwenyewe amepiga magoti, anakufuta mdomo kwa khanga yake. Kisha akajifunga khanga hiyo mabegani.

"Ileile, Nyemo," uliniambia. "Hakuifua kwanza. Alijifunga ileile."

Nilikuwa nikiwaza ule ukuta wa mashine ya kusaga.

Kesho yake aliwaambia wote kwamba umetembelewa. Kila ulipoanguka ulikuwa umetembelewa, na watu walikuzunguka waone utakachosema ukizinduka. Kitu ulichokificha tangu utoto, ambacho kilikunyima wateja na, tuseme ukweli, kilikunyima hata mume, sasa kilikuwa cheo. Na kama kuanguka ni kutembelewa, basi vidonge ni mlango uliofungwa. Hawakukunyang'anya. Ulivitoa mwenyewe, pamoja na kadi ya kliniki, ukahamia kwao moja kwa moja. Naielewa hesabu hiyo, dada. Kila hatua inafuata ile ya nyuma yake.

Nilimwendea mama nikitaka tuseme kwa sauti moja. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua uso.

"Tangu baba yenu afe sijamwona dada yako akicheka. Kule anacheka. Wewe una cha kumchekesha?"

"Mama, ameacha dawa."

"Nimekuuliza, una cha kumchekesha?"

Nikaamua nije nikuone.

Unakumbuka nilivyofika nimejaa vumbi? Yule kijana wa bodaboda niliyempata Chemba alinichekesha njia nzima. "Unaenda kwa watulivu, wale wa shambani, sista? Nauli ya kwenda tu, au na kurudi?" Nikamuuliza tofauti ni nini. "Ah, wengi hulipa ya kwenda."

Nilikuja nimejiandaa kukuta watu wenye macho makali. Nikakuta mwalimu mstaafu anapalilia mtama, nesi, fundi baiskeli, mama mwenye mapacha. Nikakukuta wewe umenenepa. Kulikuwa na daftari la mahudhurio. Kulikuwa na katiba ya kikundi iliyopigwa muhuri, kumbukumbu za vikao zimepangwa kwa tarehe. Dada, hapo ndipo niliponaswa mimi. Wengine hunaswa kwa miujiza. Mimi nilinaswa kwa jalada lililopangwa vizuri. Nilijiambia kwamba watu wanaoandika kumbukumbu za vikao hawawezi kuwa wabaya.

Mlezi aliniita chini ya kile kibanda cha makuti. Alitazama nilivyoandika jina langu kwenye daftari la wageni.

"Mwandiko wako umetulia, binti. Wewe mwenyewe hujatulia. Unaogopa nini?"

"Sijui, Mama."

"Hapa huhitaji kujua."

Sijawahi kukuambia neno hilo lilinifanya nini. Mchana ule nililala kwenye mkeka, mlango wazi, kuku wakipita, nikalala kama mtoto. Sikuhakikisha chochote. Tangu nianze kazi sijawahi kulala vile. Hapakuwa na uamuzi wa kufanya: saa ya kula inatangazwa, saa ya kunyamaza inatangazwa. Wanaosema wao hawawezi kuingizwa mahali kama pale sidhani kama wamewahi kuchoka na nafsi zao.

Siku ya tatu uliniletea karatasi. Uliona fahari, ulikuwa umewaambia mdogo wako ni karani wa serikali. "Tunyooshee Kiswahili chake," ulisema. Ilikuwa Hati ya Kujikabidhi, imeandikwa ovyo na mtu mwenye haraka. Kipengele cha tatu kilisema, nakumbuka neno kwa neno: "Mimi nimetoa vyote na dawa sitaki hospitali nisilazimishwe."

Niliketi nikakinyoosha. Nikaandika: "Mimi mwenye saini hapa chini, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, bila kushawishiwa wala kulazimishwa na mtu yeyote, nimeamua kuacha tiba ya namna nyingine yoyote." Nikaweka vipengele (a), (b), (c). Nikaacha nafasi ya jina la ndugu wa karibu. Nilifurahia kazi yangu. Niliona hatari ya ile koma iliyokosekana; sikuiona hatari ya wewe kutomeza dawa. Mlezi alisoma akaitikia kwa kichwa, akasema nibaki wiki moja zaidi niwapangie na majalada mengine.

Ningebaki. Watu wanapenda kusikia kwamba nilishtuka, kwamba moyo uliniambia. Haukuniambia kitu. Nilitia mkono kwenye mkoba nikitafuta leso, nikakuta ufunguo wa masjala. Bosi wangu alikuwa safarini na mimi ndiye niliyebaki nao. Jumatatu ofisi isingefunguliwa. Nikapata hofu, hofu yangu ileile ya siku zote, nikaomba radhi nikaondoka. Ufunguo ule ungekuwa kwa mtu mwingine, leo nisingekuwa naandika haya.

Sasa nakuambia usiyoyajua.

Miezi mitatu iliyopita afisa ustawi wa jamii alikuja huko kwenu, baada ya ndugu wa mwanachama mmoja kulalamika. Alionyeshwa hati zenu zote. Aliziona safi. Aliandika taarifa fupi kwamba watu wazima wameamua kwa hiari yao na wana akili timamu, hakuna la kufanya. Taarifa hiyo iliingia masjala kwetu ikiwa na nakala ya hati moja nyuma yake. Mimi ndiye niliyeipokea. Niliipa namba. Nikafungua ukurasa wa pili kuhakikisha viambatisho, nikakutana na maneno yangu. Hata nafasi niliyoacha kabla ya mabano ilikuwa ileile.

Niliitia kwenye jalada, nikarudisha jalada rafuni. Nilikaa kimya siku tisa. Nilienda kazini, nilirudi, nilipika wali, nikaumwaga.

Siku ya kumi alikuja mzee mmoja dirishani kwangu, akiulizia namna ya kupata nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Alisema cha kwanza alikikabidhi mahali. Nilipomuuliza wapi, akataja shamba lenu. Nikamuuliza kama anamfahamu Sechelela, fundi.

"Yule anayetembelewa? Namfahamu. Siku hizi anatembelewa hata mara mbili kwa siku." Akanitazama vizuri. "Ni nani yako?"

"Dada yangu."

"Basi ujue ameungua. Alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Huu wa kulia." Akanionyesha kwenye mkono wake, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Walimpeleka wapi?"

"Wampeleke wapi, mwanangu? Walimwimbia."

Dada, mkono wako wa kulia. Mkono wa mkasi.

Nilikwenda kwa bosi wangu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani.

"Nyemo, uliandika kama mtumishi au kama ndugu?"

"Kama ndugu, mama."

"Uliweka muhuri wetu?"

"Hapana."

"Basi kaseme kama ndugu. Wanaweza kukuandikia barua ya kujieleza, ujiandae. Nitakuandalia chai siku hiyo, ila kujieleza utajieleza mwenyewe." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na ukaseme leo. Nakujua wewe. Kesho utakuwa umepata sababu."

Nikaenda kwa yule afisa ustawi siku ileile. Nimeandika maelezo, nimetia saini. Nimesema kwamba maneno "kwa hiari" na "akili timamu" si yenu. Ni yangu, niliyatoa kwenye fomu za ofisini kwa kuwa yalisikika vizuri. Hamkuyasema. Mlikuwa mmechoka, mmefiwa, mnaumwa, na mtu mmoja alikuwa amewaketia karibu. Nimesema hakuna hata mmoja kati yenu aliyeulizwa, kabla ya kusaini, nini kitatokea akiacha dawa yake. Najua kwa sababu nilikuwepo, na mimi mwenyewe sikukuuliza.

Na hili ndilo neno langu kwako na kwa mwalimu, na nesi, na mama wa mapacha, na yeyote aliyesaini: karatasi ile haiwafungi. Afisa amenihakikishia kwamba hakuna hati inayomnyima mtu haki ya kubadili nia kesho yake asubuhi. Vyeti vyenu mnaweza kuvidai. Kadi zenu za kliniki zinaweza kuandikwa upya. Nimeuliza, namba ya kadi yako ipo kwenye daftari la kliniki Mpwapwa, jina lako halijafutwa. Kuondoka si usaliti. Mtu anaweza kupenda watu waliomfuta mdomo na bado akaondoka kwao.

Simsemi Mlezi kwa matusi. Sijui moyoni mwake mna nini. Kuna siku naamini alikupenda kweli alipojifunga ile khanga, na kuna siku naamini alijua hasa anachofanya. Kwa mkono wako ulioungua, sioni tofauti.

Mimi bado naogopa. Naogopa kazi yangu. Naogopa mama, ambaye tangu nimwambie kuhusu mkono ameacha kuzungumza, anachambua tu mboga asizozipika. Naogopa zaidi kwamba utasoma haya ukasema, mdogo wangu ananionea wivu kwa sababu hatimaye nimepata watu. Una haki ya kusema hivyo. Siku uliyowahitaji watu, mimi nilikuwa nanunua mapazia.

Alhamisi ijayo tunakuja. Si siri, shamba limearifiwa kwa barua, niliisajili mwenyewe na kuipa namba. Atakuwepo afisa ustawi, tabibu, na mtendaji wa kata. Afisa aliniuliza kama nitaingia nao au nitasubiri garini. Nilimjibu nitasubiri garini. Jana nilimpigia simu nikamwambia nitaingia.

Sitakuvuta mkono. Sitabishana na mtu mbele yako. Tabibu ataomba autazame mkono wako, nami nitakuwa na vidonge vya mwezi mmoja ndani ya mfuko wa kaki, na jina lako juu yake. Nitakueleza tu kile ambacho hati haikueleza: ukiendelea kuanguka hivi bila dawa, siku moja huenda usizinduke. Kisha nitanyamaza nikusubiri. Ukija nasi, kitanda kipo. Ukibaki, nitalia, lakini nitakubali kwamba umebaki. Ila uamue wewe, Seche, kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa ovyo, hata yakikosa koma. Sitayanyoosha.

Uwe mzima mpaka hiyo Alhamisi. Ukae mbali na jiko.

Ni mimi mdogo wako,
Nyemo